Hibridi iliyozeeka kwenye njia ya Kasomeno: kutengeneza ao kuachana nayo?

Gari ya hibridi ikikataa kuwaka katikati ya Lubumbashi, mwenyewe hupoteza nusu siku. Ikikataa kuwaka Kasomeno, pale njia inapogawanyika, moja kuelekea Kasenga na ingine kuelekea Pweto, hasara ni ya namna ingine kabisa. Gari hiyo haisukumwi ikawaka. Haivutwi kwa kamba. Inangoja lori lenye nafasi, na kama nyuma kuna samaki wa Luapula, samaki hawangoji.

Ndiyo maana mwenye Toyota Prius ao Toyota Aqua iliyochoka, anayejiuliza kama aitengeneze ao aiuze anunue ingine, asianze kwa kuhesabu umri wa gari. Aanze na njia ambayo gari hiyo inapita kila siku.

Gari hizi hazina starta ya kawaida. Injini ya esansi inaamshwa na moja ya mota mbili za umeme, na mota hiyo inakula umeme wa betri kubwa iliyofichwa nyuma. Betri hiyo ikifa, tangi lililojaa esansi halisaidii kitu. Wapo wanaofikiri kwamba wataitoa betri kubwa na kuendelea na esansi peke yake. Prius na Aqua hazikubali. Kuvuta nako kuna hatari yake: magurudumu ya mbele yakizunguka chini, mota zinazunguka pamoja nayo na kuzalisha umeme hata kama gari imezimwa. Inafaa kuinua mbele, ao kupakia gari nzima juu ya lori.

Lakini kabla ya kutaja betri kubwa, kuna mambo ya bei ndogo ambayo garaji nyingi huyaruka. La kwanza ni betri ndogo ya volti 12. Katika Prius inakaa nyuma, kwenye sehemu ya mizigo, na wenye gari wengi hawajui hata kama ipo. Ikilegea, taa za dashibodi zinawaka ovyo na gari inakataa kuanza, na mtu anaambiwa hibridi yake imekufa wakati ilihitaji betri ndogo tu.

La pili ni vumbi. Betri kubwa inapozwa na feni ndogo inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la Katanga linaziba feni hiyo polepole. Kisha anakuja abiria na mfuko wa unga, ao kapu la samaki wakavu, anauegemeza palepale kwenye tundu, na safari yote betri inapumua kwa shida. Joto ndilo linaloua betri za aina hii mbele ya wakati. Kufungua feni na kuisafisha ni kazi ya saa chache. Kwa gari inayokwenda Kasomeno mara kwa mara, kazi hiyo ingefaa kufanywa kila mwisho wa kiangazi.

Kuna pia makosa ya kiwandani. Mwaka 2012 Toyota iliita tena gari karibu milioni 2.77 duniani, kati yake Prius za kizazi cha pili, kwa sababu ya usukani na pampu ya maji inayopoza mfumo wa hibridi. Mwaka 2014 ikaita Prius milioni 1.9 za kizazi cha tatu kwa sababu ya programu ya inveta, kile kifaa kinachobadilisha umeme wa betri uweze kuzungusha mota. Gari iliyotoka Japani ikiwa imetumika inaweza kuwa ilirekebishwa kule, ao haikurekebishwa kamwe. Namba ya chasi ndiyo inayosema, na kuichunguza hakugharimu kitu.

Baada ya hayo yote, kama mashine ya kusoma makosa inaonyesha P0A80, basi betri kubwa ndiyo inayoshitakiwa. Hapo fundi anapaswa kuonyesha namba, si kusema tu. Betri ya Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, ina vipande 28, kila kimoja cha volti 7.2, na jumla yake ni volti 201.6. Aqua iliyotoka mwishoni mwa 2011 ina vipande 20, yaani volti 144. Mashine inavisoma viwili viwili. Jozi moja ikianguka mbali chini ya zingine wakati gari inapanda kilima, ugonjwa umepatikana.

Toleo la bei rahisi ni kubadilisha kile kipande kibovu peke yake. Kwa gari inayozunguka mjini, na kama mwenyewe anataka muda wa kutafuta pesa, inaeleweka. Lakini kipande chenye nguvu kati ya wazee 27 hakiwafanyi wengine kuwa vijana. Mara nyingi kinachofuata ni kipande kingine, kisha kingine, na kila mara gharama ya kufungua inalipwa upya. Kwa njia ya Kasomeno, matengenezo ya namna hiyo ni kamari. Na fundi asiye na glavu za mpira za umeme, asiyejua kuchomoa plagi ya usalama na kungoja dakika kumi kabla ya kugusa nyaya za rangi ya chungwa, asipewe kazi hiyo kwa bei yoyote. Umeme huo unaua mtu.

Wenye Prius ya kizazi cha tatu, ya kuanzia 2009, wana jambo lingine la kuuliza: injini. Gari hizo zinajulikana kwa kuharibika gasket ya kichwa cha injini zikishapita kilometa nyingi. Maji yakipungua bila kuonekana yanapovuja, ao injini ikitetemeka vibaya asubuhi, kununua betri mpya ni kuvalisha viatu vipya mguu uliovunjika.

Sasa hesabu. Tuchukue gari inayotembea kilometa 60 kwa siku, siku 300 kwa mwaka: kilometa 18,000. Mjini, kwenye kusimama na kuondoka bila mwisho, hibridi ikila lita 5 kwa kilometa 100 na gari ya esansi ya ukubwa uleule ikila lita 8, akiba ni lita 540 kwa mwaka. Kwenye njia ndefu mambo yanageuka, kwa kuwa hibridi inapata faida yake inapofunga breki na kurudisha umeme kwenye betri, na kati ya Lubumbashi na Kasomeno breki hazifungwi mara nyingi. Tofauti ikishuka hadi lita moja kwa kilometa 100, akiba inabaki lita 180. Kila mtu azidishe lita hizo kwa bei ya esansi anayolipa, kisha aone betri itarudisha pesa yake baada ya miaka mingapi.

Kununua ingine nako si kuanza upya. Gari kutoka Japani inashuka Dar es Salaam, inapita Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa, na kila kituo kina malipo yake. Ikiwa ni hibridi tena ya miaka kumi, mnunuzi amelipa yote hayo ili apate betri ya miaka kumi.

Kwa hiyo, hibridi ya mjini yenye injini nzuri na bodi isiyooza inastahili betri kamili. Ile inayomlisha mwenyewe kwenye njia ya Kasenga, yenye tumbo lililo karibu sentimita 14 tu juu ya ardhi, ni heri iuzwe ingali inatembea, mnunuzi akiambiwa ukweli, na mahali pake pachukuliwe na gari ya esansi ya kawaida ambayo fundi wa kijijini anaweza kuifungua. Mradi wa barabara ya kulipia ya Kasomeno, Kasenga, Chalwe hadi Mwenda, pamoja na daraja juu ya Luapula, unaweza siku moja kubadilisha hesabu hiyo. Lakini gari haitengenezwi kwa barabara ambayo bado haijapitwa.

Betri ya zamani isitupwe nyuma ya nyumba. Ndani yake mna maji yanayounguza ngozi, mna nikeli, na mna kobalti kidogo, madini yaleyale ambayo Haut-Katanga na Lualaba zinauzia dunia nzima. Kabla ya kuiacha garajini, mwenye gari amuulize fundi atampunguzia kiasi gani, maana vile vipande vyake ambavyo bado ni vizima vitaingia katika gari ya mtu mwingine.