Raba Ikichoka, Mchezo Hurudi kwa Bahati

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumezoea kuitumia katika habari za nyumba na za ndoa. Leo, msomaji mpenzi, nataka tuipime kwa kitu kidogo mno: pete ya mpira. Iliyo ndogo bei yake haifiki hata dola moja, lakini ikipuuzwa huharibu chombo cha maelfu ya dola, na tena huondoa maana nzima ya mchezo ambao chombo hicho kiliundiwa.

Chombo chenyewe ni meza ya pinboli. Huenda wengi wetu hatujapata kuiona ila katika filamu, lakini mabaharia waliozunguka bandari za Ulaya na Marekani wataikumbuka. Ni sanduku la mbao lenye miguu minne, limefunikwa kioo, na ubao wake wa kuchezea umeinama kumwelekea mchezaji. Katika mashine za siku hizi mwinamo huo ni kiasi cha digrii 6 na nusu. Ndani mna gololi ya chuma yenye upana wa milimita 27 na uzani wa kama gramu 80. Mchezaji huvuta fimbo yenye springi kisha akaiwacha, gololi ikapaa hadi juu, ikateremka huku ikigonga vigingi, shabaha na kengele. Chini kabisa pana mikono miwili mifupi, mfano wa makasia, inayochezwa kwa vitufe vilivyo ubavuni mwa sanduku. Mikono hiyo ndiyo inayoirudisha gololi juu isizame shimoni. Na karibu kila pahali inapogonga gololi, pamevishwa mpira.

KAMARI AU UJUZI?

Mwaka 1931 kampuni ya Gottlieb ya mji wa Chicago ilitoa mchezo uitwao Baffle Ball, ukaenea mno Marekani wakati wa dhiki kuu ya uchumi. Katika michezo ya siku hizo mikono haikuwako. Mtu alirusha gololi, kisha akabaki kuitazama tu itaangukia tundu lipi. Haukupita muda watu wakaanza kuwekeana dau, na baadhi ya wenye maduka wakawa wanatoa zawadi na fedha kwa mshindi. Sisi hatuhitaji kuelezwa hukumu ya jambo kama hilo. Kamari ni kamari, hata ikipambwa kwa taa na kengele. Huko Marekani nako wakuu wa miji waliona vivyo hivyo. Los Angeles iliikataza michezo hiyo mwaka 1939. Mwaka 1942 Meya wa New York, Fiorello La Guardia, aliamuru mashine zikusanywe, akazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha.

Mwaka 1947 Gottlieb wakatoa mchezo mwengine, Humpty Dumpty, uliobuniwa na Harry Mabs. Huo ulikuwa na mikono sita inayoendeshwa kwa umeme. Tangu hapo mchezaji hakuwa tena mtazamaji wa bahati yake; aliweza kuizuia gololi, kuielekeza na kuirudisha atakako. Hata hivyo New York haikulegeza amri yake mpaka mwaka 1976. Mwaka huo mwandishi mmoja, Roger Sharpe, aliletwa mbele ya madiwani akacheza mashine machoni pao. Alivuta ile fimbo ya springi, akatamka kabla hajaiwacha kwamba gololi itapita njia ya katikati. Ikapita njia ya katikati. Marufuku yakaondolewa.

Sasa tafakari, msomaji. Hoja yote ile, kwamba huu ni ujuzi wala si bahati nasibu, imesimama juu ya nini? Ncha ya fimbo ile ya springi huvikwa kofia ndogo ya mpira. Mkono nao huvishwa pete ya mpira, na mpira ndio unaoipokea gololi, ukaituliza, ukaipa mwelekeo. Raba ikiwa laini na safi, mchezaji aijua gololi itaruka vipi, kwa maana jana ilivyoruka ndivyo itakavyoruka leo. Raba ikikauka ikawa ngumu kama kipande cha mti, gololi huteleza, ikaruka ovyo, na shabaha iliyolengwa hukosekana bila ya kosa la aliyelenga. Hapo bingwa na mgeni huwa sawasawa, na mchezo umerudi kule kule ulikotoka kabla ya mwaka 1947. Basi atunzaye mpira hatunzi mpira tu. Anatunza haki ya mchezaji.

MAADUI WA MPIRA

Mpira una maadui wengi, na wote ni wanyamavu.

Wa kwanza ni uchafu. Ndani ya meza vyuma husuguana, koili huvuta na kusukuma, nta ya ubao hulika, na raba zenyewe hutoa unga kidogo kidogo. Vumbi hilo jeusi hukaa katika mapito ya gololi. Gololi hulizoa na kulipaka kwenye pete, na pete hulipaka tena juu ya gololi. Ikisha kuwa hivyo gololi hugeuka msasa, na kila mzunguko wake huchukua chembe ya rangi ya ubao. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Picha zile zilizochorwa ubaoni, ambazo ndizo fahari ya mashine za zamani, zikisha kulika mpaka mbao ikaonekana, hazirudishiki kwa kuoshwa.

Wa pili ni mwangaza wa jua na joto la taa. Mashine za kale zina taa nyingi ndogo chini ya ubao na pembeni mwa raba, na kila moja huchoma kwa kiasi chake. Ndiyo maana wengi sasa hutia taa za LED zisizopata moto sana.

Wa tatu ni hewa iitwayo ozoni, ambayo huwa imechanganyika kwa uchache sana katika hewa tuivutayo, na tena hutoka kwenye cheche za mota za umeme. Ozoni huukata mpira wa asili pale hasa ulipovutwa. Mara huonekana nyufa nyembamba kama nywele, zimekaa kukingama na mvuto wa pete. Ufa ukisha kuonekana, raba hiyo haina dawa.

Wa nne humletea mwenyewe mtu kwa mkono wake, nayo ni mafuta. Aonaye kitu kigumu hukimbilia chupa ya mafuta. Lakini mafuta ya mashine na petroli huuvimbisha mpira na kuuozesha. Mwenye meza ya pinboli afadhali aifungie mbali kabisa chupa hiyo.

NAMNA YA KUSAFISHA

Kazi yenyewe haitaki nguvu, yataka utulivu. Kwanza, chomoa waya wa umeme. Toa kioo ukilaze juu ya mkeka au zulia, wala usikisimamishe juu ya saruji au vigae, kwani kioo cha aina hiyo kikigongwa ukingoni husambaratika chote mara moja. Kisha toa gololi zote kabla hujauinua ubao, zisije zikaporomoka na kuvunja kitu.

Pili, piga picha. Meza moja yaweza kuwa na pete nyingi za saizi mbalimbali, na vibamba vya plastiki vyenye picha vilivyofungwa kwa skrubu juu yake. Anayetegemea kukumbuka atajuta usiku wa manane.

Tatu, kwa raba ambayo bado ni laini, chukua kitambaa kisichotoa nyuzi, kitie spiriti kidogo ya aina ya aisopropili, uifute pete huku ukiizungusha kwa vidole mpaka kitambaa kitoke cheupe. Usiiroweke, futa tu. Na katu usiidondoshe spiriti ubaoni, kwa sababu huweza kuyeyusha vanishi na rangi za mashine kongwe. Lililo salama zaidi ni kuzivua pete na kuzisafishia mezani. Zilizovuliwa zaweza kuoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, zikasuuzwa, zikaanikwa kivulini mpaka zikauke kabisa. Maji hayafai kurudi nazo kwenye mbao na nyaya.

Nne, pete zikiwa nje, safisha vigingi vilivyokuwa ndani yake, maana hapo ndipo uchafu wa miaka unapojificha. Futa ubao, kisha upake nta nyembamba ya karnauba, ambayo hutoka katika majani ya mti wa Brazili ulio wa jamii moja na mnazi wetu. Nta huifanya gololi iteleze na kupunguza vumbi la kesho. Gololi nayo ikaguliwe. Ikiwa ina michubuko, itupwe, kwani gololi iliyochubuka ni tupa inayotembea.

Pete za mikono hupigwa kuliko zote, na hupigwa upande mmoja. Fundi mwenye akili huzizungusha mara kwa mara, au huzipindua, ili upande uliopumzika nao ufanye kazi.

MANATI ZA PEMBENI

Juu kidogo ya mikono pana pembetatu mbili, kila moja imezungushwa pete ndefu ya mpira. Jina lake kwa lugha yetu ni manati, na ndilo lizifaalo. Nyuma ya mpira huo pana bapa za shaba zilizokaribiana pasipo kugusana. Gololi ikiugonga mpira, mpira hubonyea na kuzikutanisha bapa, umeme hupita, na mkono mdogo huutupa mpira mbele na gololi pamoja nao.

Hapa ndipo mtu aonapo kwamba raba haikuwekwa kama pambo. Ikilegea, gololi hugonga na hapatokei kitu. Ikibana kuliko kiasi, yaweza kuzikutanisha bapa bila ya kuguswa, manati ikapigapiga yenyewe kama kichaa. Fundi asiyejua atafungua koili na kukata nyaya, kumbe ugonjwa ni wa pete moja. Na pete ikikatika kabisa, gololi ya gramu 80 hugonga vile vibamba vya plastiki vyenye picha. Vikivunjika, vya mashine za miaka ya 1950 na 1960 ni taabu kupatikana.

KUBADILISHA NA KUCHAGUA

Yenye nyufa, yenye kung'aa kwa ugumu, au iliyoanza kunata kama gundi, haisafishwi, hubadilishwa. Ipimwe kwa kuvutwa kidogo: ikionyesha mipasuko, muda wake umekwisha. Saizi hutajwa kwa inchi za upana wa ndani, na anayenunua ndogo kuliko ihitajiwavyo huvuta vigingi na kuualika ufa mapema.

Raba nyeupe ya asili huruka vizuri, nayo ndiyo iliyozoeleka katika mashine za zamani. Nyeusi, iliyotiwa masizi, haionyeshi uchafu lakini hutoa unga mweusi. Siku hizi zipo pia za silikoni na za poliyurethani, ambazo hazitoi unga mwingi na hudumu zaidi, ingawa mruko wake si ule ule waliouzoea wachezaji wa kale. Za akiba ziwekwe gizani, pahali pa baridi, mbali na mota za umeme, wala zisitungikwe msumarini zikavutika.

MPIRA WETU SISI

Lugha yetu ina hekima yake katika jambo hili. Kwa Kiswahili mpira ni jina la mmea, ni jina la utomvu wake, na ni jina la kitu cha kuchezea. Katika misitu ya pwani yetu huota mtambaazi ambao wataalamu huuita Landolphia kirkii, kwa heshima ya John Kirk aliyekuwa konseli wa Uingereza huko Unguja, na utomvu wake uliuzwa ng'ambo katika karne ya 19. Wajapani walipoziteka Malaya na Singapore mapema mwaka 1942, mpira ukawa adimu duniani kote, na mwaka huo huo viwanda vya Chicago vikasimamishwa kuunda michezo ili vitengeneze vifaa vya vita. Kwa hivyo pete hii ndogo isidharauliwe. Kuna siku iliwahi kutafutwa kama dawa.

Hivi leo waundaji wa mashine hizi wamebaki wachache. Kampuni ya WMS, iliyokuwa na majina makuu ya Williams na Bally, iliacha kazi hiyo mwaka 1999. Zilizoundwa zamani hudumu kwa kutunzwa tu. Katika Pinball Hall of Fame ya Las Vegas na Pacific Pinball Museum ya Alameda, California, mgeni haambiwi asiguse; huruhusiwa kucheza, na kwa hiyo kazi ya kufuta na kubadilisha haina mwisho. Kitu kilichofungiwa kabatini raba zake hukauka vile vile, ila hapana anayejua mpaka siku kitakapowashwa.

Nami nawaachia wasomaji wangu ubeti huu mmoja, uwafae hata wasio na meza ya pinboli:

Raba ngumu ikidaka, gololi haina shani,
Huenda inakotaka, mchezaji yu pembeni,
Mchezo ukageuka, ukawa bahati duni,
Futa uondoe taka, ujuzi u mkononi.