Mpangaji Akitoroka na Deni la Kodi

"Kukopa harusi, kulipa matanga," walinena wahenga. Labda hakuna aijuaye maana ya msemo huo kuliko mwenye nyumba wa Kampala aliyeamka alfajiri akakuta mlango wa mpangaji wake umeegeshwa tu, na ndani hamna kitanda wala jiko, isipokuwa msumari ukutani na majivu ya makaa.

Katika mitaa kama Namuwongo, Bwaise na Katwe, watu wengi huishi katika vyumba vilivyojengwa kwa safu, ambavyo wenyeji huviita mizigo. Wenye akiba ndogo hujenga vyumba hivyo ili kodi iwe ndiyo pensheni yao. Na tumtazame mama mmoja mjane, mfano wa wengi. Ana vyumba vinne, kila kimoja kwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Mpangaji mmoja amekaa miezi mitatu bila kulipa, kila mara akisema, "Nivumilie mama, mwisho wa mwezi nitakuletea." Mwisho wa mwezi ulipowadia, akahama usiku. Zimekwenda naye shilingi 450,000, na hizo zilikuwa karo ya wajukuu. Kaacha sanduku moja na redio mbovu.

Majirani hawakosi shauri. Huyu asema viuzwe vitu hivyo leo leo. Yule asema wapelekwe vijana kazini kwake wakamtie adabu. Sisi twasema, hasira ni hasara. Anayeuza mali ya mwenziwe kwa hasira, au anayetuma vijana kumpiga, hujigeuza kutoka mdai akawa mshtakiwa. Vitu vilivyoachwa na viandikwe kimoja kimoja mbele ya mwenyekiti wa LC 1 na mashahidi wawili, kisha vihifadhiwe mpaka mahakama iseme.

Yafaa pia ikumbukwe kuwa deni la kodi ni dai la madai, wala si jinai. Kazi ya polisi si kukusanya madeni. Bali kama mpangaji ameng'oa mlango au amechukua mali ya mwenye nyumba, hilo ni shauri jingine, na polisi wanapaswa kuelezwa.

Je, mama huyu ashike njia gani? Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inayatambua hata mapatano ya mdomo. Ila yale yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi sharti yaandikwe. Kwa hiyo asikate tamaa kwa kuwa hakuandikiana na mtu. Na akusanye ushahidi alio nao: vipande vya stakabadhi, ujumbe wa malipo ya simu wa miezi iliyotangulia, na majirani waliomwona mpangaji akiishi pale.

Hatua ya pili ni kumtafuta mdaiwa. Mtu akihama haiachi dunia; ana kazi, ana jamaa, na mtaa aendao huenda nao ukamtaka barua ya LC 1. Akishajulikana alipo, na apelekewe barua ya madai inayotaja kiasi na miezi, akipewa siku 14 za kulipa. Siku hizo zikipita kimya, mama anaweza kufungua dai mahakamani chini ya Kanuni za Madai Madogo za mwaka 2011. Kanuni hizo zinahusu madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na kodi ya nyumba imo. Humo wakili haruhusiwi kumsemea mtu. Kila mmoja hujieleza mwenyewe mbele ya hakimu. Wala asiseme muda umekwisha upesi, kwani sheria humpa mdai wa kodi miaka 6 tangu deni lilipotakiwa kulipwa. Lakini ushahidi huchakaa kabla ya haki, na shahidi wa leo kesho kahamia Jinja.

Hatuna budi kusema neno na wapangaji pia. Si kila anayehama usiku ni mwizi. Mwaka 2020, watu walipoamriwa kukaa majumbani kwa sababu ya korona, wengi waliokula kwa jasho la siku walishindwa kodi bila ya kosa lao. Hata hivyo, dawa ya deni ni kulipa. Aliyekwama na amwendee mwenye nyumba mchana, aseme ukweli, waandikiane malipo ya kidogo kidogo. Anayelipa shilingi 30,000 kila mwezi huku akitazamana na mdai wake ana heshima kuliko anayekwepa njia ya sokoni.

Kwa walio na vyumba, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kukabidhi ufunguo, na pachukuliwe nakala ya kitambulisho cha taifa, jina la mdhamini na mahali pa kazi. Kila shilingi na iandikiwe stakabadhi. Mwezi wa kwanza ukipita bila kodi, pazungumzwe mwezi huo huo, kwa maana deni la mwezi mmoja hulipika, la miezi mitatu humfundisha mtu kukimbia.

Mama wetu huenda akapata fedha zake zote, huenda akapata nusu. Akiishika njia ya sheria, walau wajukuu wake hawatamwona bibi yao akisimama kizimbani kwa sababu ya redio mbovu.