Walimu wa Kimasai Wako Wapi?

Mtu atokaye Nairobi kwa barabara kuu iendayo Namanga hufika Kitengela baada ya kilomita 30 hivi. Zamani mahali hapo palikuwa malisho ya ng'ombe, na wanyama wa mwitu wakipita kutoka mbuga ya Nairobi. Hesabu ya watu ya mwaka 1999 na zile zilizofuata zilionyesha mji unaokua upesi mno, na ile ya 2019 ilikuta watu 154,436. Shule ni nyingi, na walimu wake wametoka pande zote za Kenya. Wamasai wenyewe, ambao nchi hii ilikuwa yao, wamekuwa wachache katika mji huo, na katika vyumba vya walimu ni wachache zaidi.

Hapo Kitengela upungufu huo hauonekani kuwa hasara kubwa, maana watoto wa mjini hukua wakisema Kiswahili. Hasara yenyewe iko mbele, mtu akiisha kupita Isinya na mji wa Kajiado, akaiacha lami na kushika njia za vumbi ziendazo Mashuuru au Torosei. Huko mtoto huingia darasa la kwanza akiwa na lugha moja tu, nayo ni Kimasai. Mpango wa masomo ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 wasema kwamba watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya mahali pao. Ni agizo jema. Lakini mwalimu aliyetoka mbali, hata awe hodari na mwenye huruma namna gani, hawezi kuitii amri ya kufundisha kwa lugha asiyoijua. Mtoto hujifunza kuitikia kabla ya kufahamu, na baadhi yao hawalipi deni hilo mpaka mtihani wa mwisho.

Watu wengi hudhani kwamba Wamasai huudharau ualimu kwa kuwa huidharau elimu yenyewe. Fikira hiyo ina asili yake. Baada ya mapatano ya 1904 na 1911, ambayo yaliwaondolea Wamasai malisho yao mazuri, si ajabu kwamba shule ya serikali ilipokuja ilitazamwa kwa shaka. Bwana Shauri alipodai wavulana, wazee wengi walimtoa yule ambaye boma lingeweza kuishi bila yeye, na mvulana hodari wa kuchunga alibaki na ng'ombe. Illakini siku hizo zimekwisha. Ada za shule za msingi ziliondolewa mwaka 2003, na ukame wa 2009 na wa 2022 ulimwonyesha mfugaji kwamba mali ya miguu minne yaweza kulala yote katika msimu mmoja. Mzee wa leo huuza fahali ili alipe karo ya sekondari. Basi sababu yapasa itafutwe mahali pengine.

Itafutwe katika hesabu. Anayetaka kufundisha shule ya msingi sharti apate alama ya C katika mtihani wa kidato cha nne, na anayetaka shahada ya ualimu hutakiwa C+. Katika mabonde ya mbali wanaofikia alama hizo si wengi, na kila mmoja wao hutakiwa na watu kumi. Serikali ya kaunti, iliyoanza mwaka 2013, humtaka awe karani. Mashirika ya kuhifadhi wanyama humtaka kwa kuwa anaijua nchi. Hoteli za Amboseli nazo humtaka. Tena kuna biashara ya ardhi. Ranchi za vikundi zilizoundwa kwa sheria ya 1968 ziligawanywa, ya Kitengela katika miaka ya 1980, na kijana wa leo amekwisha kumwona dalali akipata kwa kiwanja kimoja kuliko apatavyo mwalimu kwa miezi mingi.

Naye mwalimu mpya hupata nini? Baada ya miaka mitatu ya chuo hungoja. Walimu waliohitimu wasiokuwa na kazi ya serikali walihesabiwa kuwa zaidi ya laki tatu. Mwaka 2023 Tume ya Kuajiri Walimu iliwachukua maelfu kwa mkataba wa muda. Wale wa sekondari ya chini walipewa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na wale wa msingi wakapewa pungufu. Kijana ambaye ndiye wa kwanza kusoma katika boma lake ana wadogo wanaomtazama kwa karo. Hawezi kungoja. Kumwita mtu huyo mpenda fedha ni kutomwelewa.

Mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitaka kupunguza alama kwa vijana wa jamii zilizobaki nyuma, na Tume ikakataa. Ubishi ulikuwa mkali, na kila upande ulikuwa na haki kidogo. Lakini kumrudisha aliye dhaifu wa hesabu ili afundishe hesabu watoto walio dhaifu wa hesabu ni dawa ya ajabu. Ingefaa zaidi aliyekosa alama apewe mwaka mmoja wa kurudia, kwa gharama ya umma.

Liko jambo jingine lisilosemwa sana. Wamasai wawili waliosifika sana katika siasa walipata kuwa walimu: William ole Ntimama wa Narok, na Profesa George Saitoti, aliyefundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi 1983 alipoingia serikalini. Kijana anayewatazama huona ualimu kuwa daraja la kuvukia, si mahali pa kujenga nyumba.

Ndiyo maana habari za Bibi Priscilla Nangurai zastahili kujulikana zaidi. Yeye alibaki shuleni. Akiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya wasichana ya A.I.C. mjini Kajiado, aliwapokea mabinti waliokimbia kuozwa wakiwa wadogo, akawalaza, akawafundisha. Angekuwa mgeni, mzee aliyekuja kumdai binti yake angemwambia kwamba hazijui desturi. Kwake yeye, Mmasai aliyezaliwa katika desturi hizo hizo, neno hilo halikuwa na nguvu.