Ukiunda F-5 ya Kenya pale Kalama, mabomu utayaweka au utayaacha?

Kama ulikulia Kalama, hapa Machakos, ndege yako ya kwanza pengine haikutoka dukani. Uliichonga kwa mlingoti wa mkonge uliokauka, ule mwepesi ambao wembe unapita ndani yake kama unakata mkate. Ukatia mabawa ya katoni, ukashuka nayo mbio kwenye matuta ya shamba huku mdomo wako ndio injini, mpaka ulipoitwa ukachote maji.

Hii ninayotaka kukueleza leo ni ndugu ya ile, ila inataka subira zaidi na, kusema kweli, pesa. Ni ndege ya kivita ya plastiki inayouzwa vipande vipande ndani ya kisanduku. Wewe unaikata, unaigundisha, unaipaka rangi, na ukimaliza inafanana na ile halisi hadi mtu anauliza kama inapaa. Haipai.

Unaweza kuchagua ndege yoyote duniani. Wengi huanza na Spitfire ya Waingereza au F-16 ya Wamarekani kwa sababu ndizo wanazoziona kwenye filamu. Ushauri wangu ni uanze na F-5E, kwa sababu hiyo ni yetu. Jeshi la Anga la Kenya lilianza kuzipokea mwaka wa 1978 kutoka kampuni ya Northrop ya Marekani, na baadaye likaongeza nyingine zilizokuwa zimetumika Jordan. Ndizo unazosikia zikipasua anga la Nairobi kwenye sikukuu za kitaifa, sauti ikifika wakati ndege yenyewe imeshapita.

Ni ndege ndogo kama ndege za kivita zinavyokwenda: urefu wa mita 14 na nusu hivi, upana wa mabawa mita 8 na kidogo. Ina injini mbili, pua ndefu iliyochongoka, na mizinga miwili ya milimita 20 juu ya pua hiyo. Ukinunua ya kipimo cha 1/72 itakuwa na urefu wa sentimita 20, yaani inakaa vizuri juu ya daftari. Kipimo hicho ni cha Kiingereza cha zamani: futi sita zinakuwa inchi moja, kwa hivyo rubani mrefu anakuwa na kimo cha kidole gumba kuanzia kwenye fundo. Ya 1/48 inafika sentimita 30. Hiyo ni rahisi zaidi kwa macho lakini ni ghali zaidi kwa mfuko.

Italeri ya Italia na Hobby Boss ya China zimewahi kutoa F-5E ya 1/72, na AFV Club ya Taiwan imetoa ya 1/48. Ng'ambo kisanduku kidogo huuzwa dola 10 hadi 25 hivi, lakini gharama ya kukisafirisha inaweza kuimeza bei hiyo. Kwa hivyo usiagize peke yako. Kusanyikeni watatu au wanne, mlete mzigo mmoja. Na nyanya yako akikuuliza, "Hii itakulisha?" usimdanganye. Pengine haitakulisha. Ila mkumbushe kwamba Wamunyu, kaunti hii hii yetu, watu wamesomesha watoto kwa kuchonga twiga na vifaru vya mbao tangu Mutisya Munge arudi kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akiwa na ufundi huo. Mikono ya Mkamba haijawahi kuogopa kazi ndogo ndogo.

Kisanduku kikifika, usikimbilie gundi. Hapo ndipo wengi hukosea. Karatasi ya maelezo iliyo ndani haijui Kenya. Itakuonyesha ndege ya Marekani au ya Uswisi, na stika zake zitakuwa za nchi hizo. Mara nyingi hutapata za Kenya. Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kutafuta picha za F-5 za Kenya na kuziangalia mpaka macho yachoke. Tafuta picha za ndege moja, ya mwaka mmoja, kwa sababu rangi za ndege hubadilika kadiri miaka inavyopita. Angalia bendera imekaa wapi kwenye mkia, namba zimeandikwa kwa ukubwa gani, rangi zinakutana wapi. Picha zipo tele kwenye intaneti. Tafadhali usiende kusimama kwenye ua wa kambi ya jeshi na simu yako. Kupiga picha kambi bila idhini kutakutia matatani kabla hujafungua hata chupa ya rangi.

Vifaa vingi unavyo tayari. Kikata kucha kinatoa vipande kwenye fremu yake vizuri kuliko kisu. Wembe unasafisha palipobaki kinundu. Msasa wa maji, ule wa mafundi wa kunyoosha magari, unapatikana kwenye hadiwea yoyote Machakos mjini; utumie ukiwa umelowa, ili usivute vumbi la plastiki. Vibanio vya nguo vinashika bawa likikauka. Kitu cha kununua hasa ni gundi ya plastiki, ambayo haibandiki tu bali huyeyusha kingo mbili zikawa kitu kimoja. Fanya kazi dirisha likiwa wazi. Na kama nyumba yenu bado inatumia koroboi au mshumaa, gundi na thina visikaribie moto huo kamwe. Hapo sifanyi mzaha.

Unaanza na chumba cha rubani, kwa sababu kikishafungwa hutaingia tena. Paka kiti, paka dashibodi nyeusi, kisha chovya kijiti cha meno kwenye rangi nyeupe uguse saa moja moja. Usifanye zaidi ya hapo. Kwa kipimo hiki hakuna atakayeona. Kabla ya kuunganisha pande mbili za kiwiliwili, zishike pamoja kwa selotepu pamoja na mabawa na magurudumu, uone kama ndege inakaa kwa gurudumu la mbele au inaketi kwa mkia kama mbwa. Ikiketi, nenda kwa fundi wa baiskeli umwombe gololi chache zilizochakaa, uzizibe ndani ya pua.

Sasa tunafika kwenye bawa, na hapa nataka tusimame kidogo.

Kwenye visanduku vingi, matundu ya kuning'iniza mabomu na matangi ya mafuta hutobolewa kutoka upande wa ndani kabla bawa halijafungwa. Maana yake ni kwamba lazima uamue mapema: ndege yako itabeba mabomu au haitabeba? Karatasi inalifanya jambo hili liwe dogo, eti toboa hapa, gundisha pale. Kwa F-5 ya Kenya si jambo dogo.

Jumapili ya Agosti 1, 1982, baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi. Katika kambi ya Nanyuki marubani walilazimishwa kwa mtutu wa bunduki kupaa na ndege zilizobeba mabomu, waende kulipua shabaha jijini Nairobi, Ikulu ikiwa mojawapo. Mbili kati ya ndege hizo zilikuwa F-5. Marubani walipaa kweli, lakini mabomu hayakufika Nairobi. Waliyaangusha kwenye msitu wa Mlima Kenya, wakarudi kambini. Hebu fikiria walivyopaswa kuamua, wakiwa kwenye kiti kile ambacho wewe umetoka kukipaka rangi kwa kijiti cha meno. Jeshi lenyewe lilivunjwa, likaundwa upya kwa jina jingine, na halikurudishiwa jina lake hadi 1994.

Halafu kuna Oktoba 2011, Kenya ilipoingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Safari hiyo ndege za kivita za Kenya zilipeleka mabomu na zikayaangusha, na chini kulikuwa na watu. Wapo wazazi nchini humu waliopokea jeneza kutoka vita hivyo, na wapo wa upande wa pili ambao hatuwajui. Ukitembea na ndege yako ndogo sokoni, hujui unayempita amepoteza nani.

Sikuambii uache mabomu. Jamaa yangu mmoja huyaweka yote, pamoja na makombora mawili kwenye ncha za mabawa, na husema kuunda ndege ya vita bila silaha ni sawa na kuchonga simba bila meno. Ana hoja. Mimi yangu niliiacha na vishikio vitupu: ndivyo F-5 zile mbili zilivyorudi Nanyuki. Tulibishana jioni nzima hadi chai ikapoa. Wewe chagua, ila ujue unachagua nini kabla hujatoboa.

Bawa likishafungwa, kazi inakimbia. Palipobaki mwanya, jaza. Huna haja ya kununua dawa ya kuziba: katakata mabaki ya fremu, yatie kwenye gundi kidogo kwenye kifuniko cha chupa, baada ya siku moja utapata uji mzito wa plastiki ile ile. Paka, acha ukauke kabisa, piga msasa. Ule mchokoo mrefu kwenye ncha ya pua, unaopima kasi ya hewa, utavunjika. Si kwamba huenda ukavunjika, utavunjika. Weka mahali pake kipande cha sindano ya kushonea, na uwaweke wadogo zako mbali nacho.

Kioo cha rubani usikibandike kwa supaglu. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza, usiku, nikalala nikijisifu. Asubuhi kioo chote kilikuwa cheupe ndani kama macho yenye mtoto wa jicho, kwa sababu mvuke wa supaglu hugandia kwenye plastiki angavu. Saa moja moja nilizozigusa kwa kijiti hakuna aliyeziona tena. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka inaangaza yenyewe.

Rangi za maji ndizo rahisi kwa anayeanza. Paka kwa brashi, nyepesi, mara tatu au nne, kila mara ukisubiri ya kwanza ikauke. Kalama ina tabu zake mbili. Ya kwanza ni jua la mchana: rangi inakauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye bawa, inaacha mikwaruzo. Amka mapema, paka kabla ya saa tatu asubuhi. Ya pili utaijua Novemba mvua zikinyesha, ukipaka usiku chini ya taa. Kumbikumbi watakuja. Mmoja ataanguka katikati ya bawa bichi, ajivingirishe, aache mbawa zake mbili pale kama nembo ya nchi isiyojulikana. Usimkwangue. Acha rangi ikauke na kumbikumbi wako ndani, kisha piga msasa upake tena.

Bendera ya mkiani utaichora mwenyewe. Paka mstatili mweupe kwanza, kisha weka nyeusi, nyekundu na kijani juu yake, ukiacha uzi mwembamba wa ule weupe kati ya rangi na rangi. Usijaribu kuuchora weupe mwishoni. Hakuna mkono unaoweza. Fanya mazoezi mara kumi kwenye fremu tupu kabla ya kugusa mkia. Yangu ya upande wa kushoto ni nzuri. Ya upande wa kulia, ndege imetazama ukutani.

Mwisho ichafue kidogo, kwa sababu ndege inayofanya kazi haing'ai kama sufuria ya harusi. Penseli laini ipitishe kwenye mistari ya mabati, ufute kwa kidole. Masizi kidogo nyuma kwenye matundu mawili ya injini. Kwenye magurudumu chekecha udongo mwekundu wa hapa nyumbani, uuguse kwa brashi kavu. Atakayesema Nanyuki udongo hauko hivyo, mwambie hii iliwahi kutua Kalama.

Usiitundike karibu na mabati. Joto la mchana pale juu linaweza kulipinda bawa, na bawa likishapinda halinyooki tena. Tafuta ile chupa kubwa angavu ya maji, kata kitako chake kwa kisu chenye makali, ifunike ndege yako chini yake. Vumbi halitaingia. Watoto watakodoa macho kwa nje, na mmoja wao atakuuliza mabomu yako wapi.