Kwantamu Bila Mekanika? Utachoma Picha

Wasee, kwantamu ndio form saa hii. Kila chali base ana tisheti ya paka wa Schrödinger. Muulize mekanika, anakushow hiyo ni ya mabuda. Hapo ndio anachoma picha ile mbaya.

Mabuda wenyewe walichoma pia. Miaka ya 1870, Munich, kijana Max Planck anataka kusoma fizikia. Profesa wake, Philipp von Jolly, anamshow aachane nayo, kazi karibu iishe. Mabuda na advice, manze! Planck akasoma tu. 1900 akawasha kwantamu.

Lakini get hii: mekanika haikutupwa. Iliingia kwantamu mzima mzima.

Cheki Paul Dirac. Oktoba 1925, Cambridge, miaka 23. Amesoma paper ya kwantamu ya Heisenberg na kuna ngori: kwa hizo hesabu, position mara momentum si sawa na momentum mara position. Geuza order, jibu linageuka. Jumapili, jamaa anatembea zake, pap! Hiyo tofauti inakaa mabano ya Poisson, mekanika ya 1809! Anakimbia keja, anapekua notes, wapi. Library? Jumapili, imefungwa. Usiku mzima ni stress. Jumatatu asubuhi, mlango kufunguliwa, msee yuko ndani. Zinaingiana fiti! Unaongeza tu i na constant ya Planck.

Schrödinger naye, 1926, akasample Hamilton, msee wa Dublin. Huyo miaka ya 1830 alionyesha kwamba hesabu ya njia ya mwanga na hesabu ya kitu kinachosonga zina mtindo mmoja. Sasa kama mwanga ni wimbi, mbona elektroni isikuwe? Formula yake ya kwantamu ikatoka hapo. Ile H ndani yake ni ya Hamilton, inabeba energy yote ya system. 1933, Schrödinger na Dirac wakagawana Nobel. Kitu kuukuu, doo mpya!

Bei sasa. Kitabu kipya cha kwantamu kinaweza kukula rent. Shuka inama pale tao, tafuta cha mekanika, bargain bila aibu. Piga chapter ya Lagrange, piga ya Hamilton, maliza mazoezi yote. Kwantamu ikikuja, wengine watakariri H. Wewe utakuwa unajua inafanya nini.