Nyumba ina hati, lakini je, ni halali?



Juzi nilipata barua kutoka kwa dada mmoja, Mtanzania, anayefanya kazi ya uuguzi huko Uingereza. Amekaa huko miaka mingi, ameolewa na Mwingereza ambaye sasa amestaafu, na wawili hao wamejinyima na kuweka akiba ili wanunue nyumba ndogo mahali penye jua. Wameipata, kusini mashariki ya Hispania, katika mkoa wa Almería, kijijini kabisa, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka ufukwe wa Mojácar. Ina vyumba vitatu, bwawa la kuogelea na milozi ishirini. Kwa bei yake, anasema, pale wanapoishi wasingepata hata banda la kuwekea gari. Dalali anataka asilimia 10 ilipwe kabla ya Ijumaa. "Kaka," ananiuliza, "hati nimeiona kwa macho yangu na ina mhuri. Mume wangu anasema tungoje. Tunangoja nini?"

Mimi si mwanasheria, na dada huyo anajua hivyo. Lakini habari za pwani ile nimezifuatilia kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba mume ana haki. Wanangoja karatasi ya pili. Hati waliyoiona inasema nani mwenye mali. Haisemi kama nyumba iliruhusiwa kujengwa pale ilipo. Hayo ni mambo mawili, yako katika ofisi mbili tofauti, na ofisi hizo kwa miaka mingi hazikuwa na mazoea ya kuulizana.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Almería ni jina la Kiarabu, limebaki tangu enzi za Waislamu waliotawala kusini ya Hispania. Ni pembe kavu mno ya Ulaya. Kwenye rasi ya Cabo de Gata mvua haifiki milimita 200 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam tunapata zaidi ya 1,000. Ndani kidogo kuna jangwa la Tabernas, ambako Sergio Leone alipiga filamu zake za wachunga ng'ombe wa Marekani katika miaka ya 1960. Magharibi ya mkoa utaona hekta zaidi ya 30,000 zilizofunikwa plastiki, ndimo zinamolimwa nyanya na pilipili hoho zinazoliwa Ulaya nzima wakati wa baridi, na wanaozichuma wengi wao ni ndugu zetu wa Moroko na Afrika Magharibi. Hao hawatafuti nyumba yenye bwawa, na habari yao inastahili wiki yake peke yake.

Upande wa mashariki ndio upande tulivu. Vijiji vyeupe juu ya vilima, fukwe ambazo hazijajaa mahoteli kama kule Málaga au Benidorm, na hifadhi ya Cabo de Gata-Níjar iliyotangazwa mwaka 1987. Watu hudhani utulivu huo umetokana na bahati. Sivyo. Pako kimya kwa sababu maji ni haba, na kwa sababu sehemu kubwa ya ardhi, kwa sheria ya mipango, si ya kujenga nyumba za kuishi. Ni ya kulima, au ni ya kuachwa ilivyo. Kwa hiyo anayenunua utulivu katikati ya mashamba mara nyingi ananunua jengo lililosimama mahali ambapo sheria haikutaka lisimame.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 hadi msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, Hispania ilijenga kama nchi iliyopagawa. Wastaafu wa Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji wakateremka na pensheni zao hadi bonde la mto Almanzora, katika miji midogo ya Albox, Arboleas, Zurgena na Cantoria. Mkulima aliyekuwa na shamba la milozi lisilomlipa akaliuza. Mjenzi akaligawa vipande, akainua nyumba, dalali akaitangaza. Halmashauri za miji, ambazo zilikuwa zinapata mapato kutokana na ujenzi, ama zilitoa vibali ambavyo hazikuwa na uwezo wa kuvitoa, ama ziliangalia pembeni. Kisha serikali ya jimbo, yaani ya Andalusia, ikaamka na kusema hapana, hii ni ardhi isiyojengeka. Hapo nyumba zilikuwa zimekwisha kuwa maelfu, na wazee wa watu wamo ndani yake.

Mwezi Januari 2008, katika mji wa Vera, nyumba ya wanandoa wastaafu kutoka Uingereza ilibomolewa kwa tingatinga huku wenyewe wakitazama. Walikuwa na kibali cha halmashauri. Kibali hicho kilipingwa na serikali ya jimbo, mahakama ikakifuta, na nyumba ikaenda. Baadaye Mahakama ya Katiba ya Hispania iliamua kwamba wenye nyumba walinyimwa haki yao ya kusikilizwa katika kesi ile. Uamuzi ulikuwa mzuri. Nyumba ilikuwa kifusi. Mwaka uliofuata, Machi 2009, Bunge la Ulaya lilipitisha ripoti kali iliyoandikwa na mbunge wa Denmark, Margrete Auken, kuhusu ujenzi holela Hispania na raia wanaoumizwa nao. Sheria zilirekebishwa mwaka 2015, ili hakimu kabla ya kuruhusu kubomoa ahakikishe kwanza kwamba mnunuzi wa nia njema atapata fidia yake. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini fidia haikupi usingizi wakati kesi inaendelea miaka na miaka.

Sasa turudi kwenye ile hati yenye mhuri. Hispania ina ofisi ya msajili wa mali, na dondoo la daftari lake, wanaloliita "nota simple", unalipata kwa takriban euro 10 tu. Dondoo hilo ni muhimu sana. Linakuonyesha mwenye mali ni nani, kama kuna rehani ya benki, kama kuna amri ya kukamata mali kwa deni. Usinunue chochote bila kulisoma. Lakini lisome vizuri. Mara nyingine utakuta limeandika shamba la milozi, ukubwa kadhaa, mpaka wake wa kaskazini ni korongo, na neno "nyumba" halimo kabisa! Maana yake unauziwa nyumba ambayo kwa msajili haipo. Na hata ikiwemo, kuandikishwa hakuifanyi kuwa halali.

Ofisi ya pili ni ile ya ramani na kodi, "catastro". Hao wanapima majengo na kukadiria thamani yake kwa ajili ya kodi. Dalali atakuonyesha stakabadhi ya kodi iliyolipwa miaka kumi mfululizo na kusema, "Unaona, serikali inaitambua." Kodi hutozwa kwa kilichopo, kiwe na kibali au kisiwe nacho. Kwetu napo watu wengi wamelipia kodi ya jengo na bado wakaamka siku moja wakakuta alama ya X nyekundu ukutani.

Ofisi ya tatu, na hii ndiyo yenye jibu, ni halmashauri ya mji. Mkuu wake anaitwa "alcalde", neno lililotoka kwenye asili ile ile ya Kiarabu iliyotupa sisi neno kadhi. Kwa kadhi huyu ndiko unakouliza maswali matatu: ardhi hii katika mpango wa mji ni ya aina gani, kibali cha kujenga kilitolewa lini, na kinafanana na jengo lililopo, na je, kipo cheti cha kuruhusu watu kuhamia? Uliza pia kama kuna shauri lolote dhidi ya jengo. Majibu yawe kwa maandishi. Neno la mdomo la karani mwenye tabasamu halina faida mbele ya hakimu.

Ipo dalili moja ambayo hata asiyejua Kihispania anaweza kuigundua. Uliza umeme unatoka wapi na maji yanatoka wapi. Nyumba isiyo na cheti cha kuhamia kwa kawaida haiungwi moja kwa moja. Ndiyo maana bonde lile lilijaa familia zilizokaa miaka mingi kwa umeme wa muda wa mjenzi, ule wa kuendeshea mashine ya zege, ukiwasha jiko na kiyoyozi pamoja unazimika. Wengine walitegemea jenereta, na maji yaliletwa na gari la tangi. Ukiambiwa kwamba hayo ni mambo ya muda tu, uliza muda huo ulianza mwaka gani.

Haki itendeke, niseme pia kwamba siku hizi ipo njia ya katikati. Andalusia, kwa sheria ya mwaka 2019 na nyingine ya 2021, inatoa cheti kwa nyumba za mashambani zilizojengwa bila kufuata taratibu, ambazo muda wa serikali kuchukua hatua, yaani miaka sita, umekwisha kupita. Cheti hicho hakiigeuzi nyumba kuwa halali. Kinasema tu kwamba haitabomolewa, inaweza kuunganishwa maji na umeme, na unaweza kuikarabati. Kuongeza chumba cha mjukuu, hapana. Kwa nyumba kama anayoitaka dada yetu, huenda hicho ndicho kikawa ndicho. Lakini hakipatikani kwa ardhi iliyohifadhiwa, na gharama za kukitafuta abebe muuzaji kabla ya kuuza, au zipunguzwe kwenye bei.

Wanaotaka kuwa karibu zaidi na maji wana sheria yao nyingine, ya mwaka 1988. Ufukwe ni mali ya umma, hakuna wa kuumiliki, na kutoka hapo kwenda bara kuna ukanda wa mita 100, au mita 20 penye mji wa zamani, ambamo ujenzi wa makazi umebanwa. Kwetu Tanzania ni mita 60. Ukitaka kuona ubishi wa sheria hiyo kwa macho, nenda Carboneras, kwenye ufukwe wa El Algarrobico. Kuna hoteli nyeupe ya vyumba 411 imeegemea mlima, kibali cha halmashauri ilikuwa nacho, na mahakama ikausimamisha ujenzi mwaka 2006 ikiwa karibu kukamilika. Haijapata kulala mgeni hata mmoja.

Sasa ile asilimia 10. Wahispania huiita "arras", na wazee wetu wa pwani waliita arabuni. Maneno hayo mawili ni ndugu. Kwa arabuni ya kawaida ya huko, mnunuzi akighairi anaipoteza, muuzaji akighairi anarudisha mara mbili. Basi mtu akishalipa, uchunguzi wowote atakaoufanya baadaye utamgharimu asilimia 10. Uchunguzi unatangulia, arabuni inafuata. Kama dalali ana haraka sana, mkataba uandikwe kwamba fedha zitarudi iwapo halmashauri itasema nyumba haina kibali.

Nao mthibitishaji, yule afisa anayesomea pande zote mkataba wa mauzo, ni mtu wa heshima na hana upande. Huhakikisha kwamba wewe ni wewe na muuzaji ni muuzaji. Haendi shambani. Wakili si lazima kwa sheria, ila mimi ningemtafuta, na nisingemchukua yule anayependekezwa na dalali au anayekaa chumba cha pili katika ofisi ya mjenzi. Hapo ndipo wengi waliponaswa.

Gharama nizipitie haraka. Kwa nyumba iliyokwisha kutumika, kodi ya kuhamisha mali Andalusia ni asilimia 7 ya bei. Kwa nyumba mpya ni asilimia 10 ya kodi ya ongezeko la thamani pamoja na ushuru wa stampu. Muuzaji akiwa haishi Hispania, mnunuzi anakata asilimia 3 na kuipeleka kwa ofisi ya kodi. Asipofanya hivyo, deni linamgeukia yeye. Na kununua nyumba si kupata ukaazi. Ule mpango wa kibali cha kuishi kwa anayewekeza euro 500,000 ulifungwa mwezi Aprili 2025. Mwingereza, tangu nchi yake ilipojitenga kabisa na Umoja wa Ulaya, anaruhusiwa siku 90 katika kila 180 bila visa. Watachuma lozi, lakini kwa zamu.

Hayo yote nilimwandikia, nikamwomba aulize jambo moja tu kwanza: barua ya halmashauri. Jibu lake limefika jana. Dalali amesema barua hiyo haihitajiki, majirani wote hawana na wanaishi raha mustarehe. Ijumaa ikapita. Siku ya Jumatatu dalali huyo akapiga simu mwenyewe, akapunguza bei kwa euro elfu nane, na barua bado hajaitoa.