Pweza wa Kuagizwa Jana

Mgeni anayeingia jioni kwenye konoba ya Dalmatia, mwambao wa Kroatia, na kuagiza pweza wa peka, mara nyingi hujibiwa kwa upole kwamba amechelewa. Kachelewa tangu jana. Peka huagizwa mapema, aghalabu siku moja kabla, na konoba nyingi haziipiki kwa mlaji mmoja.

Zamani konoba ilikuwa chumba cha chini katika nyumba ya mawe. Humo familia iliweka mapipa ya divai, mafuta ya zeituni, samaki wa chumvi na nyavu, kwa kuwa kuta nene zilihifadhi ubaridi hata wakati wa kiangazi. Baadaye meza ziliingia, na wageni wakakaribishwa.

Peka yenyewe ni kifuniko kizito cha chuma au udongo, chenye umbo la kengele. Mpishi hutandaza viazi na vitunguu kwenye sinia, akalaza pweza juu yake, akamwagia mafuta ya zeituni, kisha akafunika na kurundika makaa ya moto juu ya kifuniko. Mpishi wa Unguja au Lamu hahitaji maelezo marefu hapo: huko ni kupalia, kama wali unavyopaliwa. Tofauti ni muda. Baada ya saa moja hivi kifuniko hunyanyuliwa kwa kulabu, taratibu, majivu yasiangukie chakula. Pweza hugeuzwa, hunyunyiziwa divai nyeupe, kisha hufunikwa tena na makaa kurudishwa. Wakati wote huo pweza anaachia maji yake na viazi vinayanywa. Sinia linapofika mezani, viazi vimeiva rangi ya kahawia, kingo zimekauka na ndani ni laini, vina ladha yote ya bahari. Kwa haki, kiazi hicho kinastahili sifa kuliko pweza mwenyewe.

Wasiopenda pweza hupikiwa ndama au mwanakondoo kwa njia ile ile.

Aliyekosa peka hatalala njaa. Kuna brudet, mchuzi wa samaki wa aina kadhaa. Sufuria yake hutikiswa badala ya kukorogwa ili minofu isivunjike. Huliwa na palenta, yaani unga wa mahindi uliopikwa kama ugali laini. Kuna wali mweusi kwa wino wa dome, yule ndugu wa ngisi, unaoacha midomo myeusi. Na pembeni ya samaki wa kuchoma huja blitva, mboga ile ile ambayo sokoni Nairobi huitwa spinachi, ikiwa imechemshwa na viazi na kutiwa kitunguu saumu. Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza mlo wa Mediterania katika orodha ya urithi wa binadamu, na Kroatia ilipoongezwa mwaka 2013 visiwa vyake vya Brač na Hvar vilitajwa.

Mwislamu aulize kabla ya kuagiza. Pršut, nyama kavu inayotangulia mlo, ni paja la nguruwe, na divai huingia katika vyakula vingi. Jibini la kisiwa cha Pag, la maziwa ya kondoo wanaokula majani yaliyorushiwa chumvi na upepo wa bura, hutosha kuanzia mlo.

Samaki wazima huuzwa kwa kilo. Mhudumu huleta sinia la samaki wabichi ili mgeni achague. Hapo ndipo pa kuuliza uzito na bei, kabla ya samaki kuwekwa motoni. Mkate pia unaweza kutozwa. Malipo ni kwa euro, iliyochukua nafasi ya sarafu ya zamani iitwayo kuna tarehe 1 Januari 2023.

Basi anayekwenda mji wa Split au visiwani na apige simu konoba siku moja kabla, ataje idadi ya walaji, pweza au mwanakondoo, na saa ya kufika. Saa hiyo aitimize, maana moto huwashwa kwa kuihesabu.